Mama anataka kuacha kusafisha damu. Kaka anasema ni kujiua

Kitindamimba wa Machame

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naomba mawazo, na kama kuna wachungaji humu wasipite kimya.

Mama yangu ana miaka 79. Sukari ilikula figo taratibu mpaka mwaka juzi zikafeli. Tangu hapo anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, masaa manne kila awamu. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa tunatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, tunashuka Moshi, tunarudi mchana hana hata nguvu ya kuvua kanga. Kesho yake ndiyo anaanza kupata nafuu, keshokutwa safari tena. Ukipiga hesabu, siku anayokuwa mwenyewe hasa ni Jumapili tu.

Chakula ndicho kinachoniuma zaidi. Huyu ni mama wa kihambani, migomba imefika mpaka dirishani, halafu ndizi amekatazwa kwa sababu ya potasiamu, madini ambayo figo zilizofeli haziwezi kuyatoa mwilini. Maharage hapana, parachichi hapana. Maji tunampimia kwa kikombe cha bluu cha watoto. Viwili vikiisha ni mpaka kesho. Wiki iliyopita nilimkuta jikoni ameinamia sufuria ya mtori wa ndizi wa wajukuu, ananusa mvuke.

Jumapili baada ya ibada akatuambia: "Nimechoka na ile mashine. Nataka nikae nyumbani nimsubiri Bwana." Kaka yangu mkubwa, ambaye ni mzee wa kanisa, akasema huko ni kujiua na mchungaji atakataa kumzika. Mama hakujibu. Alivuta kanga akajifunika uso. Tangu siku ile hatusemeshani humu ndani.

Nimesoma Katekisimu Ndogo ya Luther kwa ajili ya kipaimara kama Walutheri wote. Tulifundishwa kwamba "Usiue" haiishii kwenye kutomdhuru jirani, ni pamoja na kumsaidia katika mahitaji yote ya mwili. Sawa. Sasa hapa kumsaidia ni kumpakia garini alfajiri au kumwacha alale?

Nesi wa zamu ya usiku

Pole sana mdogo wangu. Nimekaa kitengo hicho miaka sita. Mgonjwa akiacha mashine, kinachomuua ni ugonjwa uleule ambao mashine ilikuwa inauzuia. Mara nyingi huwa ni wiki moja hadi mbili, zaidi kidogo kama bado anapata mkojo. Usingizi unakuwa mwingi siku hadi siku.

Lakini msije mkamrudisha nyumbani hivihivi! Kuna kuwashwa, kichefuchefu, na maji yakijaa kwenye mapafu pumzi inabana, anateseka. Tafuteni watu wa tiba shufaa, wale wanaotuliza maumivu na mateso ya mgonjwa asiyepona, kabla, sio baada. Wakumbusheni kuwa figo hazifanyi kazi, maana morfini, ile dawa kali ya maumivu, hubaki mwilini. Kipimo au dawa yenyewe itabidi ibadilishwe.

Shujaa wa maombi

Nesi, hapo nakupinga. Mfalme Hezekia katika Biblia aliugua, akaambiwa atengeneze mambo ya nyumba yake kwa maana atakufa. Akageukia ukutani akalia, akaongezewa miaka 15. Imani ya familia iko wapi? Hakuna mwanadamu anayejipangia siku.

Katekista mstaafu

Shujaa, Hezekia umemwachia njiani. Nabii Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe kwenye jipu, kwa hiyo dawa ilikuwepo. Na katika miaka ile 15 ndipo alipozaliwa Manase, mfalme aliyempitisha mwanawe motoni. Hesabu mwenyewe, 2 Wafalme 21. Kuongezewa siku ni neema, ila sijaona mahali tulipoamriwa kuzidai kwa gharama yoyote.

Kwetu Wakatoliki swali hili ni la zamani. Mwaka 1957 madaktari wa usingizi walimwuliza Papa Pius wa 12 kuhusu mashine za kupumulia, naye akasema mtu anawajibika kwa njia za kawaida za kutunza uhai, si zile zinazomtwisha mzigo mzito kupita kiasi. Katekisimu yetu, namba 2278, inasema vivyo hivyo: hukitafuti kifo, unakubali tu kwamba huwezi kukizuia, na mwenye kuamua ni mgonjwa kama akili zake ziko sawa. Yohane Paulo wa Pili mwenyewe, Aprili 2005, hakurudishwa hospitali; alifia chumbani kwake. Sindano ya kumuua mtu ni habari nyingine, hiyo hatuikubali kabisa.

Ila nikuulize, kijana. Mama alisema "nimechoka" au alimaanisha "nawachosha"? Sisi wazee tunasikia mnapobishania bili.

Kitindamimba wa Machame

Katekista, umenigusa penyewe. Nilimuuliza jana. Akasema, "Yote mawili," akacheka. Kumbe alitusikia usiku ule tukibishana nani auze ng'ombe. Nikamwambia mambo ya hela ayatoe kichwani kwanza, halafu aniambie anataka nini. Alinyamaza muda mrefu sana. Amesema ataenda na mashine mpaka kipaimara cha mjukuu mwezi wa kumi na moja, baada ya hapo hataki kusikia habari za Moshi.

Mchungaji nimemfuata. Kumzika atamzika, na atamletea Chakula cha Bwana nyumbani. Kaka bado amenuna, ila leo alfajiri yeye ndiye aliyeendesha.

Nesi, swali la mwisho: siku akiacha, mtori ataruhusiwa?

Nesi wa zamu ya usiku

Sikufichi, potasiamu ikipanda inaweza kusimamisha moyo. Lakini kwa wakati huo makatazo mengi hulegezwa, mgonjwa anapewa anachotamani. Mzungumze na daktari wake, mama akiwepo.

Hata sasa msisubiri Novemba. Muulizeni mtu wa lishe kuhusu kuzikata ndizi vipande vidogo, kuzichemsha kwenye maji mengi na kuyamwaga, potasiamu inapungua. Akikubali, mpe kibakuli kidogo, na mchuzi uhesabiwe kwenye maji yake ya siku. Hautanoga kama alivyozoea kuupika yeye. Atalalamika. Mwache alalamike.