Tuliowahi kusoma kozi za bure mtandaoni, tupeane uzoefu

Mleta mada
Wakuu, heshima kwenu. Nimechoka na matangazo ya "soma bure, badilisha maisha", nataka kusikia yaliyowakuta nyie wenyewe. Ile kozi ya akili mnemba ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 2011, iliyofundishwa na Sebastian Thrun na Peter Norvig, ilijaza watu wapatao 160,000. Waliofika mwisho ni 20,000 na ushei. Wengine walipotelea wapi? Mimi nilisoma takwimu. Mwalimu anaeleweka, video safi, ila maswali yanayosahihishwa yalikuwa ya waliolipia. Ukibaki upande wa bure unatazama tu, hujui kama umeelewa au unajidanganya.

KalamuBluu
Mkuu, kilichonifikisha mwisho si nidhamu. Tulikuwa na kikundi kidogo cha WhatsApp, watu ambao hatujaonana hadi leo. Kila Jumapili usiku mmoja anawaeleza wenzake somo la wiki kwa sauti, na asiyejiandaa anajulikana dakika ya kwanza. Kuna mwenzetu alikuwa akikwama kwenye programu anatuma picha ya kosa tu, bila hata salamu. Tunacheka, kisha tunakaa naye mpaka saa sita. Kozi nyingine niliianza peke yangu, yenye mwalimu bora zaidi, ikafia wiki ya pili. Hakuna aliyeniuliza nimefika wapi.

Mwalimu wa Zamu
Mimi nazitumia kufundishia. MIT, kile chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, walitangaza mwaka 2001 kwamba wataweka masomo yao wazi, na mpaka leo unaingia bila kujisajili, unapakua noti na mitihani. Leseni yao ya Creative Commons inaniruhusu kutafsiri na kukatakata, mradi niwataje, nisifanyie biashara, na nitakachotengeneza nikiachie kwa masharti hayohayo. Kozi nyingi za bure hazikupi hilo. Ukitaka kubadilisha mfano mmoja tu uwafae wanafunzi wako, huruhusiwi. Watu hawasomi leseni, na uhondo wote uko huko.

Bando Limeisha
Nyie mnaongelea leseni, mimi video za saa nzima zinanimaliza! Siku hizi nasoma maandishi ya somo, video nashusha ubora na kuifungua penye mchoro tu. Manukuu yanayotengenezwa na kompyuta nayo yanakosea istilahi za kitaalamu, yaani palepale unapoyahitaji.

Pita Kushoto
Cheti je? Kuna aliyepata kazi kwa hicho?

KalamuBluu
Nilikilipia, na kwenye usaili hakuna aliyekiuliza. Waliniambia nifungue mradi niliofanya kwenye kozi, nieleze kwa nini niliandika hivi na si vile. Kazi nikapata. Ila yule mwenzetu wa picha za makosa alikatwa mapema kwa sababu tangazo lilidai digrii, na mradi wake ulikuwa mzuri kuliko wangu.