Re: Kuasili tukiwa na kibali cha kazi tu, au IVF ya tatu?

Rehema, Kilimani (Jumanne, saa 3 usiku)

Shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni.

Leo nimetoka ofisi moja ya watoto moyo umenivimba. Mimi na mume wangu tuna miaka kumi na moja ya ndoa, mimi nina 39, yeye 44. IVF, ile ya kutungisha mimba maabara, mara mbili, zote patupu. AMH yangu ya mwisho, kile kipimo cha akiba ya mayai, 0.4, yaani yamebaki machache. Tukakaa, tukasema basi tuasili mtoto. Nikakusanya makaratasi: cheti cha ndoa, hati za mishahara, barua ya mchungaji, cheti cha polisi, vipimo. Dada wa kaunta alilifungua faili kwa adabu tu, akalamba kidole, akapekua mpaka kwenye nakala ya kadi ya mgeni. Hapo akakwama. Akalifunga, akalivisha mpira wake, akalisukuma upande wangu. "Mama, nyinyi ni wageni. Wageni walifungiwa tangu 2014." Nikamwambia sisi ni Watanzania, Jumuiya hii hii ya Afrika Mashariki. Akacheka, wala si kwa ubaya. "Hata Namanga ni mpaka, mama."

Naomba kujua: kuna aliyewahi kuasili hapa akiwa na klasi D, kibali cha kuajiriwa, peke yake? Na kama haiwezekani, tunaweza kuasili nyumbani huku tukiendelea kuishi Nairobi? Sacco tuna laki sita na ushee za Kenya. Zinatosha mzunguko mmoja wa IVF, au safari na wakili. Vyote viwili hapana. Na tafadhali msiniambie niombe Mungu. Naomba kila siku.

Baba Lulu, South B

Pole sana mdogo wangu. Jumuiya iko kwenye jalada la pasipoti tu. Mimi kibali changu nilikiomba upya Februari, miezi minne mfumo unaniambia "inashughulikiwa". Nimekwenda mara saba. Mara ya sita nikaambiwa picha yangu ina kivuli. Kivuli! Nikapiga nyingine nje kwa kijana mwenye mwavuli, kivuli kikawa cha mwavuli, ikapokelewa. Nyumbani nako sikushauri, lazima mkae miaka mitatu mfululizo ndipo mruhusiwe kuasili.

Wakili wa Ngara

Turekebishane kabla uzushi haujasambaa. Miaka mitatu katika Sheria ya Mtoto ya 2009 ya kwetu ni kwa asiye raia. Rehema ni raia. Baba Lulu, soma kwanza.

Kuhusu Kenya: kilichotokea Novemba 2014 ni uamuzi wa Baraza la Mawaziri, haikuwa sheria ya Bunge. Walisimamisha wageni wasiasili, hata wanaoishi humu humu, kwa hofu ya biashara ya watoto. Sheria ya sasa ya watoto ni ya 2022, ile ya 2001 imefutwa, watu waache kuinukuu. Mwombaji awe na miaka 25, amzidi mtoto kwa 21, asiwe amefika 65. Mtoto awe ametimiza wiki sita na ametangazwa kwamba anaweza kuasiliwa. Na mtoto aliyeokotwa Kenya, anayeonekana hajafika miaka minane na wazazi hawajulikani, ibara ya 14 ya Katiba inamhesabu Mkenya wa kuzaliwa. Ndiyo maana kwako wewe huo ni uasili wa kigeni, hata kama makao ya watoto yako mtaa wa pili.

Jambo jingine wengi hawalijui: tangu 2021 mwajiriwa anayekabidhiwa mtoto wa kuasili ana likizo ya mwezi mmoja yenye mshahara.

Baba Lulu, South B

Likizo ya nini na mtoto kanyimwa? Wakili, unajibu mtihani.

Mama Pacha, Donholm

Rehema, mimi ilishika mara ya tatu, nikiwa na 38. Sindano nilizibeba kwenye chupa ya chai yenye barafu, na muda wa kuchoma ni saa mbili usiku, hausubiri mtu. Siku moja foleni ya Jogoo Road ikatushika mpaka saa mbili kasoro tano. Nikashuka kwenye matatu, nikaingia choo cha sheli, nikapandisha blauzi, nikajidunga tumboni huku nimeuegemea mlango kwa mgongo, maana komeo halikuwepo. Nje mtu anagonga, "Siz, harakisha." Leo hao pacha wananiamkia kwa Kiingereza.

AMH inakuhesabia mayai, haikuambii yakoje. Na haya mambo Kenya si mapya, watoto wao wa kwanza wa IVF walizaliwa 2006. Ila deni nimelimaliza mwaka jana tu. Sitakuficha.

Mdogo wa Rongai

Mama Pacha, hongera, lakini 38 siyo 39 yenye 0.4. Kila uzi wa IVF humu unaishia na pacha. Sisi ambao haikushika huwa hatuandiki.

Bi Zuhura, Pangani

Mwanangu Rehema, kwetu Waislamu kuasili kwa kumbadilisha mtoto jina la babake hakuna, Surat al-Ahzab imesema waiteni kwa baba zao. Lakini kulea kupo, na thawabu zake zipo. Mimi nimemlea mtoto wa marehemu dada yangu kutoka Tanga, hakuna karatasi hata moja. Urithi namwandikia wasia, hauzidi theluthi. Shida yetu ilikuwa mpakani. Mtoto ana jina lake, mimi langu, afisa anauliza huyu ni nani wako? Mtoto akajibu mwenyewe, "Huyu ni mama, ila si mamangu." Tulikaa kwenye benchi muda wa saa nne.

Wakili wa Ngara

Bi Zuhura, kwa heshima zote, Rehema ni Mlutheri.

Bi Zuhura, Pangani

Najua. Na mpaka ni ule ule.

Mangi, Lang'ata

Hakuna anayeligusa la kihamba, shamba la ukoo la kwetu Uchagani. Shemeji yetu ni wa Marangu, tena kitinda mimba, nyumba ya mama ni yake. Mahakamani mtoto wa kuasili ni mtoto. Kikao cha ukoo mgombani kina maneno mengine. Baba yangu mdogo alilea kijana tangu ana wiki tatu, akamsomesha, akamwozesha. Siku ya kuanua matanga ukoo ukampa redio na ng'ombe. Simkatazi Rehema, nasema tu ajue anamleta mtoto wapi.

Mdogo wa Rongai

Na kama baba yako mdogo angezaa mabinti watano, wangepewa nini? Redio pia.

Baba Lulu, South B

Mimi kinachoniudhi ni hilo neno wageni. Julai 2025 Dar ilipotoa ile amri ya biashara 15 ambazo mgeni haruhusiwi, hapa walitulilia kila redio kwamba sisi ni ndugu. Undugu huo kwenye kaunta hauonekani.

Mama Pacha, Donholm

Usichanganye mtoto na biashara ya mitumba, Baba Lulu. Na sisi amri ile ilitupatia maneno huku, mwenye nyumba wangu aliniuliza kama naye anifukuze.

Mangi, Lang'ata

Tuyaache. Jana alfajiri baada ya mvua mlima ulionekana kutoka ghorofa ya tisa hapa kwangu, Kibo nyeupe yote. Jirani anaupiga picha kama wa kwao. Nilisimama barazani na kikombe mpaka wingu likafunika, chai ikapoa. Mama angekuwa ameshawasha moto wa mtori saa hiyo.

Rehema, Kilimani (Alhamisi, saa 4 usiku)

Asanteni nyote. La kihamba mama mkwe ameshanipigia, Mangi, sijui nani alimpelekea ujumbe huu.

Narudi kwenye swali. Wakili, nimekuelewa kwamba miaka mitatu hainihusu. Lakini nyumbani afisa wa ustawi wa jamii lazima afike kwangu, aone chumba cha mtoto, aandike ripoti. Kwangu ni Kilimani. Nani atatumwa? Wa Moshi avuke, au wa hapa aandike ripoti ya mahakama isiyo yake? Kliniki wanataka jibu la malipo ya awali Jumatatu.

Wakili wa Ngara

Hilo nitaliangalia.

Bi Zuhura, Pangani

Mwanangu njoo Jumamosi ule wali, tuzungumze bila hawa.

Baba Lulu, South B

Nakwenda Arusha kesho na basi la asubuhi, narudi Jumapili. Anayetaka mchele wa Kyela aandike hapa kabla ya saa sita, mwisho kilo kumi kila mtu, mgongo wangu si gari.

Rehema, Kilimani

Kumi, kaka. Jumatatu nitakuwa mjini, nitaupitia.