COUNTIF, UNIQUE au pivoti: ipi ifaayo kwa jedwali la marudio?

Mdodosaji: Habari za kazi, wanajukwaa. Nina majibu ya dodoso la kaya kuhusu nishati ya kupikia katika Excel, kuanzia seli B2 hadi B241: kuni, mkaa, gesi, mafuta ya taa na umeme. Ninahitaji idadi na asilimia ya kila jibu, na madodoso mengine yanaendelea kuingia. Kati ya COUNTIF (fomula inayohesabu seli zenye jibu fulani), UNIQUE (inayoorodhesha kila jibu mara moja) na pivoti (jedwali la muhtasari linalojihesabia), mngeshauri ipi?

Mtakwimu wa Pwani: Ndugu Mdodosaji, kwa kuwa majibu yalikwisha kupangwa kwenye dodoso lenyewe, anza na COUNTIF. Orodhesha nishati kuanzia D2 hadi D6, kisha katika E2 andika =COUNTIF($B$2:$B$2000,D2) na uiburute hadi E6. Nimeweka 2000 ili majibu mapya yapate nafasi. Alama za dola zisikosekane, kwani bila hizo eneo linalohesabiwa litateremka pamoja na fomula, na E6 itaacha majibu manne ya mwanzo. Faida yake kubwa ni kwamba umeme utaonekana hata usipotajwa na kaya yoyote, jambo ambalo UNIQUE na pivoti hazifanyi zenyewe.

Bi Hesabu: Kuhusu sifuri ninaafiki. Hata hivyo, karani akiandika "mkaa" na kuacha nafasi mwishoni, au akiandika "gesi ya mtungi", COUNTIF itayaruka majibu hayo bila onyo lolote. Na ukigawanya kwa SUM ya safu E, asilimia zitafika 100 kana kwamba hakuna kilichopotea. Mimi hugawanya kwa COUNTA, inayohesabu seli zote zisizo tupu: =E2/COUNTA($B$2:$B$2000). Jumla ikiwa asilimia 97, ninajua kuna majibu yaliyobaki nje, na hapo ndipo =UNIQUE(B2:B241), ikiwekwa pembeni, inapofaa, kwa kuwa inaonyesha kila namna jibu lilivyoandikwa. Nafasi za ziada husafishwa kwa TRIM. Zingatia kwamba Excel 2019 na za kabla yake hazina UNIQUE.

Fundi Lahajedwali: Nyongeza kwa wanaotumia Google Sheets: huko UNIQUE hutofautisha "Mkaa" na "mkaa", ilhali COUNTIF haijali herufi kubwa. Ukiziweka bega kwa bega utapata mistari miwili yenye idadi ileile, na kila kaya ya mkaa itakuwa imehesabiwa mara mbili. Pivoti ya Excel ndiyo ya haraka kuliko zote, nami huitumia kwa kupata picha ya kwanza, lakini kwa kawaida haisomi data mpya mpaka uiamuru isome upya.

Mdodosaji: Ninawashukuru, nitatumia COUNTIF na kigawanyo cha Bi Hesabu. Limebaki jambo moja: katika safu C nina makundi ya umri, na COUNTIF inanipa sifuri kwa kundi la "<18" ingawa ninawaona kwa macho.

Mtakwimu wa Pwani: COUNTIF inaichukulia alama hiyo kuwa amri ya kutafuta namba zilizo chini ya 18, nayo safu yako ina maandishi tu, haina namba. Ikiwa kundi limeandikwa D10, tumia =SUMPRODUCT(--($C$2:$C$2000=D10)), inayolinganisha maandishi kama yalivyo, au badilisha "<18" kuwa "Chini ya 18" katika safu C na katika D10. Mimi ningebadilisha jina, kwa sababu hata msomaji wa ripoti ataelewa upesi zaidi.