Fulana ya uzalendo tununue, historia ya kwetu watoto hawaijui!

Asalaam alaykum wanajukwaa.

Naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe. Mwanangu wa darasa la sita kaja na kikaratasi kutoka skuli, wazazi tutoe pesa ya fulana na gari, watoto wanakwenda kwenye sherehe za Elimu bila Malipo. Hebu someni tena. Mchango wa kusherehekea elimu bila malipo! Mzee Karume alitangaza elimu bure tarehe 23 Septemba 1964, Mapinduzi hata mwaka hayajatimiza, ili mtoto wa mkulima na wa mvuvi naye asome. Leo asiye na fulana anatolewa mstarini mbele ya wenziwe, na mwalimu anamwambia hana uzalendo. Mtoto wa darasa la sita!

Na pesa silo kubwa linaloniudhi. Jioni nimekaa naye nikamuuliza, siku hiyo kilitangazwa nini? Tarehe anaijua. Kilichokuwapo kabla, na kwa nini watu walifurahi, hajui. Nikafungua daftari lake. Ukurasa mzima ni tarehe na majina ya viongozi, kanakili ubaoni, kakariri, basi. Imo 12 Januari 1964, imo 26 Aprili. Nyuma ya hapo hamna kitu, hata 10 Disemba 1963, siku ya uhuru kutoka kwa Mwingereza, haimo. Mimi Mapinduzi nayatetea, wanaonijua wanajua. Lakini utayateteaje kwa mtoto asiyejua yalipindua nini?

Halafu sisi tuko Pemba, jamani. Pujini hiyo hapo na magofu ya ngome yake ya kale, kutoka Chake Chake si safari ya kufungia mkoba. Wazee wanasimulia kwamba Mkama Ndume, mtawala wa zamani wa hapo, aliwabebesha watu mawe ya ngome yake huku wakijikokota kwa makalio, na kwamba kisima alikitia ukuta katikati ili wake zake wawili wasionane wakichota maji. Mtoto gani atasinzia akisimuliwa hayo, tena kasimama pale pale penye kisima? Ataanza kuuliza mwenyewe: alikuwa nani, alitawala mpaka wapi, ilikuwaje akaondoka. Wangu hajapelekwa. Kwenye magofu ya Ras Mkumbuu hajapelekwa. Lakini yakija mazoezi ya halaiki muda unapatikana, vipindi vya hesabu vinakatwa, watoto juani. (Halaiki sina ugomvi nayo, nimeicheza na inapendeza. Ifanyweni baada ya masomo.)

Nikamuuliza Siti ni nani. Akanitajia binti wa jirani! Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, mtoto wa watumwa kutoka Fumba, aliyekuwa akiuza vyungu, akafika Bombay mwaka 1928 kurikodi santuri kwa Kiswahili chetu. Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, na mtoto wa Kizanzibari anamaliza skuli hajaonyeshwa hata picha yake. Kisha tunashangaa vijana wanapodharau kwao.

Nilimfuata mwalimu. Kwa adabu kabisa. Kanijibu mambo hayo hayaji kwenye mtihani. Nikamuuliza, na fulana inakuja kwenye mtihani? Akanyamaza, akaniambia nikaonane na mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu naye ananambia agizo limetoka juu. Juu wapi, hasemi.

Mimi fulana sinunui. Pesa hiyo hiyo wazazi tukiichanga inakodi gari, watoto wanakwenda Pujini asubuhi na kurudi kabla ya adhuhuri, na nimeshawaambia wenzangu tulipeleke hilo kwenye kikao cha wazazi.

Wenye watoto skuli za Unguja, huko vipi? Na mwalimu aliyemo humu asinijibu kwamba kazi yenu ngumu, hilo nalijua. Aniambie tu hiyo gari ya Pujini inashindikana wapi.