Nimezima hadroni na MPI: momenta ya jeti haijasogea, ila umbo limebadilika. Kwa nini?

mwanakwaki:
Habari za jioni wanajukwaa. Naandika tasnifu ya uzamili na nimekwama wiki ya tatu sasa. Naigiza kwa programu ya Pythia migongano ya protoni ya TeV 13 (TeV 1 ni GeV 1,000, vipimo vya nishati), kama ile ya mwaka 2015 hadi 2018 kwenye LHC, kichapuzi cha CERN. Nakusanya jeti, yaani mafungu ya chembe zinazoruka upande mmoja, kwa kanuni ya anti-kt yenye nusu kipenyo R = 0.4. Zinatokana na kwaki za GeV 50 hivi. Jana usiku nilizima hatua ya partoni (kwaki na gluoni) kugeuka hadroni (chembe kama protoni na pioni), nikazima pia migongano ya ziada ya partoni, yaani MPI. Kisha nikalinganisha momenta ya kila jeti na ya kwaki iliyoizaa. Wastani wa tofauti haukusogea hata kidogo! Lakini masi na upana wa jeti vimeshuka mno. Msimbo nimeukagua mara nne. Nimekosea wapi?

fundi_msimbo:
Chapisha orodha ya mipangilio mwanzoni mwa kila kazi. Mimi niliwahi kuhangaika siku mbili, kumbe swichi moja niliiandika vibaya.

bibi_uzi:
Hujakosea, mdogo wangu. Umezima kwa pamoja vitu viwili vinavyovutana.

Fikiria jeti kama ungo. Hesabu za mfululizo wa alfa-s, kipimo cha nguvu ya kani kali, zinaifuata kwaki vizuri nishati ikiwa kubwa: kwenye masi ya Z, GeV 91, alfa-s ni takriban 0.118. Ukishuka kuelekea GeV 1 inapanda hadi mfululizo hauna maana tena. Hapo Pythia inatumia modeli ya uzi wa Lund, uzi wa kani unaounganisha partoni, unaobeba nishati ya kama GeV 1 kwa kila femtomita. Unavutika, unakatika vipande, na vipande hivyo ndivyo hadroni. Baadhi huangukia nje ya ungo. Dasgupta, Magnea na Salam walilipigia hesabu jambo hili mwaka 2008: jeti ya kwaki hupoteza takriban GeV 0.5 gawanya kwa R. Kwako ni kama GeV 1.2. Ya gluoni hupoteza zaidi, kama mara mbili.

MPI inafanya kinyume, inamwaga makapi ndani ya ungo. Kiasi chake kinafuata eneo, yaani mraba wa R. Kwa R yako eneo ni 0.5 tu, na makapi yanaingiza GeV moja hivi. Kilichomwagika na kilichoingia vinakaribiana, kwa hiyo ukiupima uzito wa ungo huoni kitu.

Umbo halipimwi hivyo. Kwenye mraba wa masi, kila chembe laini (yenye nishati ndogo) inahesabiwa kwa mraba wa umbali wake kutoka katikati ya jeti. Ya ukingoni inaongeza tu, iwe imetoka kwenye uzi au kwenye MPI. Athari zote mbili zinasukuma upande mmoja, ila ya hadroni inakua kwa R na ya MPI kwa R ya kipeo cha nne. Zima moja moja, kwa R ya 0.2, 0.4, 0.7 na 1.0.

mwanakwaki:
Shikamoo bibi. Nimeendesha usiku kucha. Kwa 0.2 jeti zinapoteza, kwa 1.0 zimejaa makapi kupita kiasi, na 0.4 iko pale pale zinapokutana. Nimefurahi mno! Je, nizipogoe kwa soft drop, ile mbinu ya Larkoski, Marzani, Soyez na Thaler ya 2014 inayoondoa chembe laini za ukingoni?

bibi_uzi:
Marahaba. Pogoa, weka kizingiti cha 0.1. Makapi mengi yatatoka. Lakini kwenye masi ndogo kabisa uzi bado unatawala, usidai kwamba umeuondoa.

Jambo moja linaniuma kwenye tasnifu nyingi ninazosoma. Mtu anaendesha Pythia, kisha Herwig, programu nyingine inayotumia vifundo vya partoni badala ya uzi, halafu tofauti kati ya hizo mbili anaiita kosa la hadroni. Zote mbili zimerekebishwa kwa data za LEP, kichapuzi cha zamani cha CERN cha elektroni na positroni. Kwa hiyo zikikubaliana, si mashahidi wawili wasiojuana. Jeti za kwaki zilikuwa tele LEP, za gluoni chache. Kwa hiyo tenganisha jeti zako za gluoni na za kwaki kabla ya kulinganisha programu, na chora grafu mbili, si moja.

mwanakwaki:
Naanza na za gluoni leo hii.