Je, sheria iwalazimishe wanasiasa kuishi kama raia wa kawaida?

Mkaaji wa Kadutu, Bukavu: Ndugu zangu, mwalimu anapanda kilima kwa miguu ilhali mbunge wake anapita na msafara wa magari. Tuwawekee sheria ya kuishi kwa kiasi?

Katuba, Lubumbashi: Thomas Sankara, aliyekuwa rais wa Burkina Faso, aliuza magari ya Mercedes ya serikali, mawaziri wakapewa Renault 5, gari dogo la bei nafuu. Inawezekana.

Himbi, Goma: Mzee wangu, Sankara alikuwa mtu wa pekee. Ibara ya 99 ya Katiba yetu ya Kongo (DRC) ya 2006 inamtaka Rais na mawaziri watangaze mali ya familia zao mbele ya Mahakama ya Katiba wanapoingia na wanapotoka madarakani, lakini wabunge haiwataji. Ningeanzia hapo, kwani kuishi katika nyumba ya kawaida hakuzuii mtu kuwa na akaunti kubwa benki.

Kadutu: Na posho zao zitangazwe pia.