Mnaosema Linux "inaingia kompyuta yoyote", muulizeni mtu kadi ya picha kwanza!

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Tangu Microsoft wasitishe msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kila kona kuna mtu anawaambia wenye mashine za zamani maneno yaleyale: usinunue nyingine, weka Linux, ule mfumo endeshi wa bure, inaingia kompyuta yoyote. Wanaambiwa walimu, wanaambiwa wenye steshenari, wanaambiwa wanachuo, watu ambao laptopu zao za Intel kizazi cha 6 zimekataliwa na Windows 11. Ni kweli itaingia. Lakini anayeshauri haulizi swali moja ambalo lingemwokoa mwenzake: ndani ya hiyo mashine mna kadi gani ya picha, yaani kile kifaa kinachochora vitu kwenye skrini?

Mimi ni mwalimu wa fizikia, hapa Morogoro. Laptopu yangu ni ya mtumba, na ina kadi mbili za picha, ya Intel na ya NVIDIA. Ndiyo ninayofundishia jioni kwa projekta. Fundi aliyeniwekea Linux Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux, hakuuliza chochote. Aliingia tovuti ya NVIDIA, akapakua faili la .run kama watu walivyozoea kupakua .exe, akaliendesha, picha ikatoka safi, akalipwa, akaondoka.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Draiva iliyoingizwa kwa .run hujengwa kwa ajili ya keneli (kiini cha mfumo kinachoongea na vifaa) iliyopo siku ile. Usipoisajili kwenye DKMS, zana inayojenga draiva upya kila keneli inapobadilika, keneli mpya ikija na masasisho hakuna wa kuijenga upya. Tena kisakinishi hicho huizuia nouveau, ile draiva huria ya kadi za NVIDIA, na ukikubali pendekezo lake la mwisho kinaandika faili la /etc/X11/xorg.conf linaloilazimisha skrini itumie draiva ya nvidia tu. Kwa hiyo nilisasisha mfumo, kama mfumo wenyewe ulivyoniomba, nikawasha mashine: skrini nyeusi, kijistari kinapepesa kwenye kona. Keneli mpya haina draiva, na xorg.conf haitaki kusikia habari ya kadi ya Intel iliyo nzima kabisa mle ndani!

Nikarudi kwa fundi. Alifuta lile xorg.conf, na kwa hilo alikuwa sahihi. Angeishia hapo, kadi ya Intel ingefanya kazi na mimi nisingekuwa hapa naandika. Hakuishia hapo. Akafungua /etc/default/grub, faili la mipangilio ya GRUB (programu inayouwasha mfumo), akaongeza neno nomodeset, akanitoza tena, akaniambia, "Tayari mwalimu, sasa haitasumbua."

Jamani, nomodeset! Neno hilo linaikataza keneli isishike kadi ya picha kwa draiva yake halisi. Lina mahali pake: mashine ikigoma kuwaka mara ya kwanza, unaliandika kwenye GRUB kwa muda, unaingia, unaweka draiva inayofaa, unaliondoa. Ile "Compatibility Mode" kwenye menyu ya flashi ya Mint inafanya jambo hilohilo. Ni mlango wa dharura. Huwezi kumwachia mtu mlango wa dharura ukamwambia ndiyo nyumba yake. Kwangu lilizima na draiva ya Intel, i915, ambayo haikuwa na kosa lolote.

Tangu hapo kila kinachoonekana kwenye skrini kinachorwa na prosesa. Feni inapiga kelele muda wote. Video ya dakika chache inakatakata. Mwanga wa skrini hauongezeki wala haupungui. Na projekta, ambayo ndiyo sababu ya mimi kuwa na laptopu, haionekani kabisa: nachomeka HDMI, mfumo unasema kuna skrini moja tu. Wanafunzi wamelipa, wamekaa, mimi nachora mawimbi ya mwanga kwa chaki.

Nikauliza kwenye makundi. Mmoja: "Badilisha distro (toleo la Linux)." Mwingine: "Ongeza RAM." Wa tatu: "Linux si ya kila mtu, rudi ulikotoka." Huyo wa tatu ndiye aliyenifanya nifungue uzi huu. Hakuna hata mmoja aliyeniambia niendeshe amri hizi, ambazo zingeonyesha ugonjwa palepale:

cat /proc/cmdline
lspci -k | grep -A 3 -E "VGA|3D"
glxinfo -B

Ya kwanza inaonyesha maneno ambayo keneli imewashwa nayo. Ukiona nomodeset na hukuliweka wewe, kuna mtu amekuachia. Ya pili inataja kadi zako na draiva inayozishika. Ukikosa mstari wa "Kernel driver in use", kadi hiyo haina mtu. Ya tatu inahitaji kifurushi cha mesa-utils, na ikikuletea neno llvmpipe, basi prosesa yako ndiyo inayobeba picha zote.

Wanaosema hili ni tatizo la wageni wasiotaka kujifunza, nawakumbusha kitu. Mwaka 2012, katika Chuo Kikuu cha Aalto huko Ufini, Linus Torvalds aliinyooshea NVIDIA kidole cha kati mbele ya kamera kwa jinsi ilivyokuwa ngumu kushirikiana na Linux. Mwanzilishi wa keneli mwenyewe! Halafu mnamcheka mwalimu ambaye skrini yake imekuwa nyeusi?

Na mambo hayajakaa sawa kwa mashine tunazonunua sisi. Mei 2022 NVIDIA walifungua msimbo wa moduli zao za keneli, ila kwa kadi za kizazi cha Turing, yaani GTX 16 na RTX 20, na zilizofuata. Kuanzia GTX 900 walidai programu ya ndani ya kadi iwe na saini yao, hivyo nouveau ikashindwa kuipandisha kadi kasi, na kadi za GTX 10 zikarithi pingu hiyohiyo. Draiva za mfululizo wa 580 ndizo za mwisho kwa kadi za vizazi vya Maxwell (kama GTX 900) na Pascal (GTX 10). Za Kepler, kizazi cha kabla ya Maxwell, ziliishia 470. Mitumba yetu imejaa kadi hizo. Mwenye mashine ya AMD au Intel tupu hayajui mateso haya kwa sababu draiva zake ziko ndani ya keneli na Mesa (mkusanyo wa draiva huria za picha), na mara nyingi yeye ndiye anayepiga kelele kwamba Linux haina shida.

Secure Boot, ule ulinzi wa kompyuta unaokagua saini za programu wakati wa kuwaka, nayo ni mtego. Ikiwa imewashwa, moduli isiyo na saini inakataliwa na unaambiwa "Key was rejected by service". Mfumo ukikuomba nywila wakati wa kuweka draiva, ukiwasha upya itakuja skrini ya bluu ya MOK (ufunguo wa saini wa mwenye mashine) inayosubiri sekunde chache tu. Chagua Enroll MOK. Ukiipita, draiva haitapakiwa.

Nilivyotoka, kwa aliye shimoni kama nilivyokuwa. Skrini ikiwa nyeusi bonyeza Ctrl+Alt+F3, ingia kwa jina na nywila. Kisha:

sudo nvidia-uninstall

Fungua /etc/default/grub kwa sudo nano (kihariri cha maandishi), futa nomodeset, hifadhi, halafu:

sudo update-grub

Washa upya. Picha ikirudi, fungua Driver Manager ya Mint, chagua draiva iliyoandikwa "recommended", washa upya tena. Hiyo inatoka kwenye hazina ya mfumo na inakwenda pamoja na keneli inaposasishwa. Kama WiFi haishiki (wenye kadi za WiFi za Broadcom mnanielewa, draiva ya intaneti inataka intaneti), chomeka simu kwa waya wa USB na ushee bando lako.

Projekta yangu sasa inaonekana. Hasira haijaisha, maana fundi yule bado anaweka Linux mjini na sina shaka nomodeset anaiacha kila anapopita.

Kwa hiyo mafundi mliomo humu: ni nani kati yenu anayeendesha lspci kabla ya kupokea hela ya mteja? Na mkiacha .run au nomodeset kwenye mashine ya mtu, kwa nini hamumwambii? Jibuni hayo mawili. Anayetaka kuniambia nirudi Windows apite.